Maswali Yenu: Mke Mtunga Nyimbo, Mume Baharini

Katika safu iliyopita nilimtaja, kwa mistari miwili tu, Helen Blackwood, mtunzi wa nyimbo wa Uingereza wa karne ya 19 ambaye mumewe alikuwa ofisa wa manowari. Mistari hiyo miwili imeleta maswali mengi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Huyu Helen ni nani hasa, na mumewe alikuwa anakwenda wapi kila mara? (Msomaji, Tanga)

Alizaliwa mwaka 1807, mjukuu wa Richard Brinsley Sheridan, yule mwandishi wa tamthilia. Jina kubwa, mfuko mtupu. Walikuwa mabinti watatu, na London nzima ilizungumzia uzuri wao na ukali wa ndimi zao. Mwaka 1825 akaolewa na Price Blackwood wa jeshi la majini. Ukoo wa mume ulinuna kwa sababu bibi harusi hakuja na mali. Vijana wakajiondokea kwenda Italia, na mwaka uliofuata mtoto wao Frederick akazaliwa Florence.

Waliporudi, mama akabaki na mtoto, baba akarudi kazini. Na kazi yenyewe haikuwa ya kwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Septemba 1834 Blackwood alikuwa nahodha wa manowari Imogene huko China, kwenye njia ya kuingilia Canton, akirushiana mizinga na ngome za Wachina. Malkia Victoria hata hajakalia kiti cha enzi. Alikikalia mwaka 1837.

Helen huku nyumbani alitunga, mara vichekesho, mara vya kuliza. Wimbo wake uliovuma kuliko yote ni ombolezo la Mwairishi maskini anayeliaga kaburi la mkewe Mary kabla ya kuvuka bahari kutafuta kazi. Kwa miaka mingi nilidhani umetoka kinywani mwa mkulima, kumbe ni wa bibi wa kumbi za wakubwa wa London. Tena tazama alivyoigeuza picha: nyumbani kwake anayeondoka ni mume na anayeachwa ni mke, lakini kwenye wimbo anayeimba upweke ni mwanamume. Sijui kama alifanya makusudi, ila kila nikiusikia nalifikiria hilo.

Barua ilichukua muda gani kumfikia mtu aliye China? Na nani alilipa? (Wasomaji wawili, Mombasa na Kisumu)

Kwa merikebu ya matanga, miezi minne hadi sita, upepo ukipenda. Piga hesabu: mke anauliza jambo Januari, jibu linarudi karibu na mwisho wa mwaka, na mtoto aliyekuwa na surua wakati barua inaandikwa sasa anakimbia uani.

Suala la malipo ndilo tamu zaidi. Hadi mwaka 1840, ndani ya Uingereza, kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilipita shilingi moja, fedha ambayo kibarua hawezi kuitoa hivi hivi. Rowland Hill, mtu aliyepigania mageuzi ya posta, alikuwa na kisa cha mshairi Coleridge. Coleridge alimkuta mwanamke akikataa barua kwa kukosa fedha, akamhurumia akamlipia. Tarishi alipoondoka, mwanamke akaifungua: karatasi tupu! Alikuwa amepatana na kaka yake kwamba bahasha ikifika tu, ujue mimi mzima, irudishe. Sisi tuliojifunza kubipu enzi za vocha za kukwangua hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Tarehe 10 Januari 1840 bei ikawa peni moja kwa barua nyepesi, popote nchini, na Mei ikaja stempu ya kwanza ya kubandika, nyeusi, yenye sura ya Victoria. Sasa mtumaji ndiye aliyelipa. Barua za ng'ambo ziliendelea kuwa ghali, lakini nazo zilianza kwenda haraka, kwa kuwa serikali ilikuwa inazilipa kampuni za vyombo vya moshi zibebe posta kwa ratiba. Kwa Kiingereza posta hiyo ni "mail", na ndiyo asili ya neno letu meli. Kila ukisema meli imetia nanga, unasema barua zimefika.

Ni kweli waliandika barua kisha wakaandika tena juu ya maandishi yale yale? (Msomaji, Arusha)

Kweli kabisa. Ukurasa ukijaa waliugeuza ubavu na kuandika mistari inayokatiza ile ya kwanza. Walikwepa gharama ya karatasi ya pili. Jicho likizoea unasoma, lakini sipendekezi ufanye hivyo usiku.

Wenye ndoa waliandikiana siri zao za mapenzi bila hofu? Au posta walikuwa wanachungulia? (Msomaji, Morogoro)

Hofu ilikuwepo, na Helen mwenyewe aliitungia wimbo. Unaitwa Katey's Letter. Msichana wa Kiairishi anawasimulia wenzake kwamba amemwandikia mpenzi wake barua. Ameipiga lakiri kubwa karibu sawa na kofia yake, maana hataki bwana posta achungulie na kutoa maneno. Moyo umejaa, lakini hakuthubutu kuandika hata nusu ya yaliyomo, majirani watamcheka. Jina la mpenzi hakuliandika juu, kwa sababu hiyo hiyo. Sasa anamlaumu tarishi kwa maringo yake ya kutoleta jibu, kisha anakumbuka kwamba, kwa kweli, huyo kijana hajui kusoma wala kuandika.

Watu hucheka hapo, nami hucheka. Lakini aliyetunga ni mke wa baharia, aliyejua ilivyo kufunga karatasi na kuitupa kwenye bahari isiyojibu. Ninavyoona mimi, barua za enzi ile zilikuwa nusu mali ya mwandishi na nusu mali ya dunia, ndiyo maana yaliyokuwa mazito yaliingia kwenye nyimbo. Ukiimba mbele ya watu unaweza kusema ni Katey huyo, si mimi.

Na kisa cha dada yake kinaonyesha hofu ile haikuwa ya bure. Caroline Norton, naye mtunzi wa nyimbo, aliolewa na mwanasheria mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Mwaka 1836 mume huyo alimshtaki Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwamba amemharibia ndoa, akidai fidia ya pauni 10,000. Ushahidi mmojawapo ulikuwa vijikaratasi vya Melbourne kwa Caroline. Kimoja kilisema tu kwamba atapita saa kumi na nusu. Wakili wa mume alijitahidi kuwashawishi wazee wa baraza kwamba ukavu huo ndio unaoficha mengi. Hawakuhitaji hata kutoka chumbani ili kumwachia Melbourne.

Je, alilipwa kwa nyimbo zake? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sheria ya wakati ule, alichochuma mke kilikuwa cha mume. Kwa Helen sioni dalili kwamba jambo hilo lilizua ugomvi. Kwa Caroline lilikuwa vita: mume alishindwa kesi lakini akabaki na watoto wao watatu, na miaka baadaye akadai hata mapato ya kalamu ya mkewe. Caroline akaandika vijitabu mfululizo, na kelele zake zilichangia sheria ya 1839 iliyompa mama nafasi ya kuomba malezi ya watoto wadogo, kisha ile ya talaka ya 1857. Mke kumiliki mshahara wake mwenyewe kulisubiri hadi 1870.

Wapo waume wa kusafiri mbali na kuwaacha wake zao waliopita kwetu? (Msomaji, Kigoma)

Ndugu yangu wa Kigoma, unauliza huku umekaa jirani na Ujiji! David Livingstone alimpandisha mkewe Mary na watoto wanne chomboni Cape Town mwaka 1852, akarudi Uingereza Desemba 1856. Miaka minne na nusu. Mary alimpokea kwa beti alizotunga mwenyewe, za kumkaribisha mara laki moja na kumwambia kwamba safari hii hawataachana. Waliachana tena. Mary akamfuata mto Zambezi, na homa ikamuua huko Shupanga mwezi Aprili 1862.

Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipofika Ujiji mwaka 1871 alikuwa na mfuko wa barua za kumpelekea Livingstone, ulioandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umelala Unyanyembe, karibu na Tabora, miezi mingi.

Mume wangu ni baharia. Nimwandikie barua, nimwimbie, au nimtumie sauti kwenye simu? (Dada, Unguja)

Mtumie sauti, dada. Barua ya mkono mwekee chini ya nguo kwenye begi kabla hajaondoka, asijue.

Mwisho wake mume wa Helen alirudi, au bahari ilimchukua? (Msomaji, Tanga, tena)

Alirudi. Mwaka 1839 akarithi cheo cha Lord Dufferin na mashamba ya Ireland. Kisha Julai 1841, akivuka kutoka Liverpool kwenda Belfast, safari fupi ambayo baharia wa China huilala usingizi, akanywa dozi ya mofini kupita kiasi. Inaelezwa kuwa muuza dawa alikosea. Akafia chomboni. Frederick alikuwa na miaka 15.

Mtoto huyo, ambaye baadaye alitawala India kwa niaba ya Malkia, alijenga mnara juu ya kilima cha nyumbani kwao Clandeboye, ukakamilika mwaka 1861, akaupa jina la mama yake. Ukutani ndani yake yamewekwa mashairi aliyoandikiwa na mama siku alipotimiza miaka 21.