Kobe wawili beseni moja: maswali yenu ya wiki hii

Haya jamani, tangu niseme nafuga kobe wa maji meseji zinanijia kama mvua ya masika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, naweza kuchanganya? Tuanze.

Dada wa Chumbageni: Nina kobe wa wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, nililetewa toka Dar. Juzi mvua ilivyokatika mume wangu kaokota mwingine njia ya Muheza, mweusi mweusi, shingo anaikunjia ubavuni. Niwaweke tangi moja wapate kampani?

Dada angu usiwaweke, na kama umeshawaweka nenda katoe mmoja sasaivi afu urudi usome. Huyo wa mstari mwekundu asili yake Marekani, bonde la mto Mississippi huko, ana vijidudu vyake mwili umeshavizoea, na huyu wa Muheza ana vya kwake, wakichangia maji kila mmoja anamgawia mwenzie ugonjwa asioujua. Halafu hawa wetu wa kukunja shingo msiwaone wapole, ni wala nyama haswa, chura, samaki, hata njiwa aliyekuja kunywa maji wanamvuta, na ukiwaudhi wanatoa harufu nyumba nzima mnahama. Kampani anayeitaka ni wewe, kobe haitaki. Ukiwaona wamepandana juu ya jiwe ujue wanagombea jua hapo, sio mapenzi.

Ila kubwa zaidi ni hili, kobe wa porini ni mali ya serikali, ukikutwa naye bila kibali unaitiwa kesi ya nyara za serikali na ile kesi haina utani, ya kwamba mlimwokota kwa huruma utaenda kuyaeleza mbele kwa mbele. Mwambie shemeji awaone watu wa wanyamapori wa wilaya na aseme alimtoa wapi. Na kama wameshakaa maji mamoja na huyo wa Dar aseme pia, maana akirudishwa bwawani na ugonjwa wa ugenini anaenda kuwamaliza wenzie.

Wa Mikanjuni: Wangu wote wawili aina moja, mmoja kama sahani mwingine kama kiberiti. Hapo si hamna shida?

Ipo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo, asubuhi naamka mdogo hana ncha ya mkia na mkubwa katulia kama sio yeye. Wala hakuwa na ubaya, kwake kitu kidogo kinachochezacheza majini ni chakula. Huyo mdogo mtoe, hata beseni la kufulia litamfaa wakati unajipanga. Na watoto wanawe mikono kila wakimshika, wasimbusu, kobe wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima kabisa, ndo maana Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe wa kufuga mwenye gamba chini ya inchi 4.

Kijana wa Ngamiani: Dume anamtetemeshea mwenzie makucha usoni, wanacheza?

Anatongoza bana. Dume wa mstari mwekundu zile kucha ndefu za mbele ndo kazi yake. Shida jike akiwa peke yake na hana pa kukimbilia, anasumbuliwa kutwa mpaka anasusa kula. Akimfanyia jike wa aina nyingine ndo balaa, yule hiyo lugha haijui, anajibu kwa mdomo, na kobe hana meno lakini mdomo wake unakata kama mkasi. Mnasemaga mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa kobe ongezeni na majike, nao wanapigana.

Wa Raskazone: Tangi liwe kubwa kiasi gani?

Hesabu ya wafugaji ni kama lita 15 kwa kila sentimita ya gamba. Jike la mstari mwekundu linafika sentimita 25 bila shida, piga hapo, lita 375, na huyo ni mmoja tu. Kwa hiyo lile tangi la kioo la sebuleni sahau. Tafuta simtanki kuukuu ukate nusu, weka nyuma ya nyumba, upande mmoja juani upande mmoja kivulini, filta ya nguvu, na kama ni wawili weka sehemu mbili za kuota jua. Kioo usikianike, jua la Tanga la Januari mtamkuta kaiva. Na jua la kupitia dirishani halihesabiki, kioo kinazuia ile miale ya kutengeneza vitamini D, gamba linakuja kuwa laini kama ngozi. Madini ya chokaa msinunue, okoteni pwani ule mfupa mweupe wa dome, yule ndugu yake ngisi, uloweke siku kadhaa utoke chumvi, mtupie majini atautafuna mwenyewe.

Mzee wa Pongwe: Mjukuu anamtia kobe wa nchi kavu kwenye tangi la wale wa maji, ati aoge.

Shikamoo mzee wangu. Atazama, huyo hajui kuogelea. Na habari ya kibali ni ile ile ya juu.

Wa Pangani: Nimeokota kitoto cha kasa, nikichanganye na kobe wangu?

Kasa ni wa maji chumvi na sheria inamlinda, hapo hakuna cha kufuga. Mwache mchangani atembee mwenyewe mpaka baharini. Hapo kwenu Ushongo wapo watu wanaohamisha mayai ya kasa toka kisiwa cha Maziwe kwa sababu maji yakijaa kisiwa kinafunikwa, waone hao.

Wa Sahare: Nimemchoka huyu wa mstari mwekundu, nikamwachie mto Zigi?

Usithubutu! Huyo anaishi miaka 30 na yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, Ulaya walishakataza kumuingiza tangu 1997. Zigi ina kobe wake, tena ndo inaingia bwawa la Mabayani tunakopata maji ya kunywa mji mzima. Mpime gamba unitumie, niseme na jamaa yangu wa Korogwe mwenye bwawa la saruji, mwaka mzima ananiulizia jike.