Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Friji na Povu Lililomo Ndani Yake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kabati la friji lenyewe: bati la nje, ganda la plastiki la ndani, na povu gumu la poliuretani linaloyashika pamoja. Tumechagua nne.

Swali: Tunaunda kabati za friji kwa mashine ndogo ya kumwaga povu. Kwa nje sanduku lina upana wa sentimita 60, kina 60 na urefu 150. Kompresa inakaa chini yake, nje ya povu. Kuta ni sentimita 5. Tumwage kilo ngapi? Na kwa nini kona mbili za mgongoni, zile zilizo mbali na tundu la kumwagia, hubaki tupu?

Jibu: Anzeni na ujazo. Nje ni 60 × 60 × 150, yaani lita 540. Ndani, kwa kuwa upande wa mlango hauna ukuta, ni 50 × 55 × 140, yaani lita 385. Nafasi ya povu ni lita 155, sawa na mita za ujazo 0.155. Povu la friji lililobanwa vizuri huwa na kilo 32 hadi 36 kwa kila mita ya ujazo. Mkichukua 34, mnahitaji kilo 5.27. Povu hutokana na kuchanganya vimiminika viwili, polioli na isosianati. Ikiwa karatasi ya muuzaji inataka sehemu 100 za polioli kwa 120 za isosianati kwa uzito, hizo ni kilo 2.40 za polioli na 2.87 za isosianati.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Tengeni kabati tatu za majaribio, mmwage asilimia 60, 80 na 90 ya kiasi hicho, subirini povu ligande, kisha bandueni bati. Mtaona kwa macho njia ambayo povu limepita na mahali linapofika mwisho. Endeleeni kupandisha hadi liguse kila kona bila kubanwa. Pimeni uzito huo, kisha ongezeni asilimia 10 hadi 15. Nyongeza hii ndiyo inayozuia povu kusinyaa baadaye, kwa hiyo msiione kuwa ni hasara.

Ama kona tupu, msikimbilie kuongeza kilo. Mara nyingi kilichozikalia ni hewa iliyokosa pa kutokea. Kabati likilazwa kifudifudi, mdomo wa mlango chini, povu hujaza ukingo wa mlango kwanza, kisha hupanda mgongoni. Basi vitundu vya kupumulia vinatakiwa huko mgongoni, pale pale majaribio yalipoonyesha povu linamalizia. Toboeni vitundu vingi vya milimita 2 au 3 badala ya kimoja kikubwa, na mvifunike kwa tepu inayopitisha hewa lakini inazuia povu.

Sababu ya pili ni baridi. Kemikali ziwe karibu nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, na fremu inayolishikilia kabati iwe nyuzi 40 hadi 45. Povu likigusa bati la baridi, halipandi vizuri. Hugeuka tabaka zito lililoshikana, na dawa iliyopaswa kwenda konani huishia hapo. Pasheni moto bati na ganda kabla ya kumwaga, si fremu peke yake. Kagueni pia mirija ya kondensa (ile inayotoa joto la friji nje) iliyobandikwa nyuma ya bati: tepu ya alumini iliyoinua ukingo hugawa mkondo wa povu na kuacha kivuli kitupu nyuma yake.

Swali: Ganda letu la ndani ni la polistireni. Baada ya miezi michache linapasuka kwenye kona, ingawa hakuna aliyeligonga. Kosa ni la plastiki?

Jibu: Plastiki ina sehemu yake, ila tazameni kwanza nguvu zinazoivuta. Ganda hushikwa na povu likiwa na joto la nyuzi 40 hivi, kisha hukaa maisha yake yote katika nyuzi 4. Polistireni ya urefu wa mita 1.4 ikipoa nyuzi 36 hutaka kufupika karibu milimita 4. Bati la nje linabaki na joto la chumba, na povu limeyafunga yote mawili. Hizo milimita 4 haziendi popote: zinageuka mkazo, na mkazo hukusanyika konani.

Konani ndiko ganda lilikovutwa likawa jembamba zaidi wakati wa kuliunda. Karatasi ya milimita 3 inaweza kubaki na chini ya milimita 1 hapo. Kateni ganda moja mpime kona zote. Tibuni kwa kuipa kona mviringo mpana zaidi (milimita 10 ni bora kuliko 3), kwa kuipuliza karatasi kwanza ipande kama puto kabla ya kuivuta kwa ombwe, na kwa kupasha moto sawasawa. Pia gesi inayovimbisha povu na mafuta ya mikono au ya kalibu hudhoofisha polistireni iliyo katika mkazo. Futeni ganda kabla ya kulifunga, na muulizeni muuzaji wa karatasi kama ya kwake imetengenezwa kuhimili siklopentani, kemikali inayotumika kuvimbisha povu.

Swali: Ubavu wa bati unavimba saa chache tu baada ya kutolewa kwenye fremu. Kuna kabati nyingine ambazo ubavu unabonyea baada ya siku kadhaa.

Jibu: Haya ni makosa mawili tofauti. Linalovimba limetolewa mapema, au limejazwa kupita kiasi. Katikati ya povu bado pana joto kali na shinikizo. Ongezeni dakika kwenye fremu, hasa penye ukuta mnene, kwani ukuta mnene hupoa polepole. Linalobonyea limepungukiwa povu: siklopentani huchemka kwenye nyuzi 49, hivyo vijichumba vya gesi vilivyo ndani ya povu vinapopoa, shinikizo ndani yake hushuka, na povu jepesi halina nguvu ya kukataa.

Swali: Je, tunaweza kuchanganya dawa yenye siklopentani kwa drili na ndoo?

Jibu: Hapana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na huweza kulipuka ukifikia takriban asilimia 1.5 ya hewa. Cheche za mota ya drili zinatosha. Asiye na mashine iliyofungwa, feni za kuvuta hewa sakafuni na vitambua gesi atumie dawa inayovimbishwa kwa maji. Kinga yake ya joto ni hafifu zaidi, kwa hiyo ongezeni unene wa ukuta. Na msiache maji yaingie kwenye pipa la isosianati: hutoa kaboni dioksidi, na pipa lililofungwa likiwa hivyo huweza kupasuka.