Sahani ya sombe na saa moja ya uongo

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeko Texas aliniandikia. Ni RBT, yaani mhudumu wa tiba ya tabia anayewafundisha watoto, hasa wenye usonji, chini ya msimamizi, na ana miezi minne kazini. Mama wa mtoto anayemhudumia, Mkongomani, amemletea doti ya kitenge. "Dada, nikikataa nitakuwa sina adabu. Nikipokea nitavunja sheria ya kazi. Nifanyeje?" Nilimjibu usiku uleule kwa mistari mitatu, kisha usingizi ukanipaa, maana kitenge hicho nakijua. Changu kilikuwa cha bluu.

Mwezi uliopita nimefaulu mtihani wa BCBA, ngazi ya juu ya kazi hii. Maswali 185 kwa saa nne, baada ya shahada ya uzamili na saa 2,000 za mazoezi chini ya usimamizi. Nasema kwa fahari, kwa sababu 2019, nikiwa bado RBT, nilidhani kazi hii imenitupa. Sasa nina cheti cha mchambuzi wa tabia, na naona nina haki ya kusimulia nilivyoteleza. Wengi mnaonisoma mko njia hiyohiyo, kwa hiyo nayaruka ya mafunzo ya saa 40 na mtihani wa RBT, hayo mnayajua. Mji sitautaja, na mambo kadhaa ya familia ile nimeyabadilisha.

Nilipangiwa mtoto wa miaka mitano mwenye usonji, ambaye alikuwa bado hajaanza kusema. Kampuni ilifurahi kupata mtu anayejua Kiswahili. Mama yake alifurahi zaidi. Siku niliyogonga mlango na kusema "Hodi", alinishika mikono yote miwili na kunivuta ndani. Wiki ya pili nilikuwa "tanti", yaani shangazi. Wiki ya tatu nilikuwa nasoma barua zake za bima na za mwenye nyumba. Mwezi wa pili nilikwenda naye mkutanoni shuleni kumtafsiria, siku ambayo sikuwa hata na zamu. Hakuna aliyenituma. Niliona huyu ni mtu wetu, yuko ugenini, nami nina mdomo na miguu.

Na chakula. Bugali, ndakala (dagaa), na sombe iliyotwangwa kwa mkono (sisi tunaiita kisamvu). Kipindi chetu kilianza saa tisa na nusu mchana na kuisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Ikifika saa kumi na moja na nusu, sahani inawekwa mezani. Mwanzoni nilikula dakika kumi. Baadaye tulikula, tukaongea habari za Uvira na za nyumbani kwetu Tanga, mtoto akiwa na simu yake kwenye kochi. Saa ilipofika nilifungua tableti, mama akatia sahihi, nikaenda zangu.

Mnaofanya kazi hii mmeshaona kosa liko wapi. Huduma yetu hulipwa kwa vipande vya dakika 15. Saa moja ni vipande vinne. Mimi niliandika kwamba vipande vile vinne nilikuwa namfundisha mtoto, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikavilipa. Sikuiba pesa mfukoni mwa mtu, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini sahihi ilikuwa yangu, na saa ile ilikuwa ya mtoto.

Msimamizi wangu alikuja siku moja bila taarifa, saa kumi na mbili kasorobo. Alitukuta mezani. Hakusema neno mbele ya mama. Kesho yake nilipigiwa simu ya dakika tano: nimeondolewa kwenye familia ile, ripoti zangu zinachunguzwa, kampuni itarudisha malipo. Hakuniuliza hata mara moja ilikuwaje. Hakunieleza pia, katika miezi yote ile, kwamba nikialikwa chakula nyumbani kwa Mwafrika niseme nini. Kanuni za maadili ya kazi yetu za wakati ule zilikataza zawadi zote moja kwa moja, ila kukataa bila kumvunjia mtu heshima hakuna aliyetufundisha. Hilo bado linaniuma, sitaficha. Mtu aliyekulia palipo na "mgeni njoo, mwenyeji apone" humpi karatasi ya kusaini ukasema umemfundisha mipaka.

Lakini lililonichoma zaidi nililisikia baada ya wiki mbili. Kampuni ilimtafuta mkalimani mwingine azungumze na mama. Kumbe kwa miezi miwili mama alikuwa na lalamiko. Katika programu yetu kulikuwa na zoezi la mtoto kukaa mezani na kazi. Akiinuka, namzuia na kumrudisha kitini. Alikuwa analia. Mimi niliandika "amekaa dakika nne", kisha "dakika sita", na grafu ikapanda vizuri. Mama alisema mtoto akianza kusikia gari langu tu, anajificha nyuma ya pazia. Akaulizwa kwa nini hakusema. Akajibu: "Tanti ndiye anatusomea barua."

Rudia kuisoma hiyo sentensi, wewe unayesema "mimi nawasaidia tu". Sahani ile niliyoiona ya ukarimu ilikuwa pia ya mtu anayenihitaji. Mama aliyekulisha, aliyekuvisha kitenge, ambaye bila wewe hajui bima imeandika nini, atakuambiaje kwamba unamliza mwanawe? Atanyamaza. Na ukishakuwa shangazi wa nyumba, wewe mwenyewe hutaandika kwamba programu haifanyi kazi, kwa sababu nani anataka kuileta habari hiyo mezani penye sombe? Ndiyo maana kanuni zetu zinakataza uhusiano wa pande mbili, yaani kuwa mhudumu wa familia na hapohapo rafiki au ndugu yao. Nilidhani ni ubaridi wa Wazungu. Kumbe ni kumwachia mama mdomo wake.

Kanuni mpya zilizoanza tarehe 1 Januari 2022 zimelegeza kidogo. Zawadi ya shukrani, si ya mara kwa mara, isiyozidi thamani ya dola 10, inaruhusiwa. Kikombe cha chai, andazi, mchoro wa mtoto, sawa. Doti ya kitenge kizuri Marekani hii haishuki mpaka dola 10, dada yangu wa Texas, usijidanganye kwamba mama alikinunua kwa bei ya jioni. Kanuni hizohizo zimeleta neno ambalo mwaka 2019 sikulijua: ridhaa ya mtoto mwenyewe. Mzazi hutoa idhini kwa kalamu. Mtoto asiyesema hutoa yake kwa mwili: anasogea, anageuka, anajificha nyuma ya pazia. Yule wangu alikuwa ananijibu kila siku, sikuwa namsikiliza.

Tusisahau tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha Sunland huko Miami, Florida, wafanyakazi waliwatesa watu wenye ulemavu wa akili kwa adhabu zilizopewa jina la kurekebisha tabia. Jimbo lilipochunguza ndipo miongozo ya kulinda watu ikaanza kuandikwa. Waliokuwa wakiumizwa mle ndani hawakuwa na wa kumwambia. Ukiwa na cheti kifuani na mbele yako kuna mtu asiyeweza kukulalamikia, umeshika kitu kizito. Kishike kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mambo ninayofanya sasa. Siku ya kwanza, kabla jiko halijawashwa, nasema: "Mama, ukarimu wako nauona, na Mungu akuzidishie. Lakini saa hizi ni za mtoto, kazi yangu hainiruhusu kula. Ukiona jambo usilolipenda, niambie. Ukiona vigumu kuniambia, namba ya mkubwa wangu hii hapa." Siku ya kwanza. Ukisubiri sahani ifike mezani umechelewa. Barua za bima naziombea mkalimani wa kampuni, hata kama ningezisoma kwa dakika mbili. Na saa naandika ya kweli. Nikiondoka saa kumi na moja, naandika saa kumi na moja, iwe nimepoteza malipo au la. Ikitokea nimeteleza nampigia msimamizi siku hiyohiyo. Saa ya kweli, jamani. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Dada wa Texas alirudisha kitenge juzi. Alifuata maneno yangu, akampigia na msimamizi wake kabla. Jana ameniandikia tena: "Mama amekipokea, akakikunja, hajaniangalia usoni. Alipofunga mlango sikusikia kwaheri." Nimemwambia asipeleke keki kuomba msamaha. Kesho ana kipindi pale saa tisa. Afike kwa wakati, na mtoto akigeuka kando, amwache ageuke.