Jibu: Historia inanishinda, naachia njiani

Salaam ndugu. Umesema kila ukishika kitabu cha historia, ukifika ukurasa wa 40 majina na miaka vinakuchanganya, unakiweka. Yalinikuta na mimi, tena muda mrefu.

Kwanza angalia umeingilia wapi. Kama kitabu kimebeba karne tatu, kiache kwa sasa, shika tukio moja. Mimi nilianza na kimbunga kilichoipiga Unguja Aprili 1872. Kiling'oa mikarafuu, kikazamisha vyombo bandarini, ila Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Nikajiuliza: kumbe ndiyo maana karafuu zikawa za Wapemba? Swali hilo likanivuta mpaka kwenye historia ya mashamba na watumwa walioyalima, halafu kwa wasafiri kama Burton na Speke, waliopita Unguja kabla ya kuingia bara 1857.

Ramani iwe pembeni. Mimi nilichora kisiwa kwa penseli ndani ya jalada, nikawa natia alama kila mji unapotajwa. Jina jipya likitokea, andika kazi ya mtu huyo tu, miaka itakuja yenyewe.

Sijui una nafasi kiasi gani. Kwangu kurasa kumi baada ya isha zinatosha. Ukipata tukio lako, litaje hapa tukuelekeze vya kusoma.