Bakuli la vipande 132, na kile fundi mwenzako anachokitafuta ndani yake

Kuna ndugu yetu wa Malindi ameuliza: bakuli la kukereza lililoungwa kwa vipande lina nini hasa, hata maseremala wakiliona wanasahau chai mezani? Kwake yeye ni gundi na mashine tu, na mlango mmoja wa nakshi wa Lamu una kazi mara kumi. Kaka, swali lako ni la haki. Mimi nilianza kwa kuchonga milango kwa mwalimu wangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kisha nikahamia kwenye keezo, mashine ya kuzungusha mbao ili ichongwe, huu mwaka wa sita. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mlango wa nakshi humvutia kila mtu, mwenyeji na mgeni, mkubwa na mdogo. Bakuli la vipande humshika zaidi yule aliyewahi kushika msumeno. Patasi ikiteleza kwenye nakshi, mchongaji hodari hugeuza lile kosa likawa jani, na maisha yakaendelea. Bakuli hili hujengwa kwa pete: vipande vya mbao hukatwa ncha za mshazari, hugundishwa kuwa duara, pete hupangwa juu ya pete, kisha hukerezwa. Kwenye pete ya vipande kosa halina pa kwenda.

Tazama hesabu yake. Pete ya vipande 12 ina ncha 24 za kukatwa, na kila ncha ni digrii 15, maana 360 gawanya kwa 24. Sasa tuseme msumeno wako umekosea robo digrii, kitu ambacho jicho halikioni. Robo hiyo umeirudia mara 24, zimekuwa digrii 6. Kwa pete ya upana wa sentimita 20, hapo pana mwanya wa sentimita nzima. Kidole kinapita!

Pete yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nikailazimisha, nikaikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli mpaka ikajifunga, nikafurahi. Kesho yake keezo liliposhika kasi ikafumuka, kipande kimoja kikapita karibu na sikio langu kikagonga ukuta. Tangu hapo siwashi keezo bila kinga ya uso, wala sisimami mkabala na pete inayozunguka. Wewe unayetaka kuanza, hili lishike kabla ya mengine yote.

Dawa yake niliipata baadaye. Usifunge pete kwa mara moja. Unga vipande 6, unga 6 vingine, upate nusu mbili. Zikikauka, sugua ncha za kila nusu kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo mpaka zilale sawa, ndipo uziunganishe. Kosa lote linakusanyika kwenye ncha nne na unalisugua likaisha. Na kwa kuwa ncha za mbao hunywa gundi, paka mara ya kwanza uiache inyweke, kisha paka tena. Nguvu yenyewe inatoka kwenye kupanga pete juu ya pete kama matofali, kiungo cha juu kikae katikati ya kipande cha chini.

Halafu kuna mbao yenyewe, na hapa ndipo nilipolia. Bakuli langu la pili nililitilia kitako cha ubao mmoja wa bambakofi, nikakigundisha pande zote. Lilikerezwa kaskazi, jua kali, mbao kavu. Likakaa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, nyumbani, kila mgeni akalisifu. Masika yalipoingia, usiku mmoja tukasikia mlio kama kijiti kinavunjwa. Asubuhi nikakuta ufa umepasua pete tatu za chini. Ubao hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hautanuki kabisa. Kwenye pete nyuzi za mbao zinazunguka na bakuli, kwa hiyo pete haibadiliki sana; ubao wa kitako ulitaka kupanuka, pete ikakataa. Siku hizi kitako nakifanya kidogo, nakichomeka kwenye mfereji bila gundi, nakiachia nafasi ya kupumua.

Mbao zangu nyingi ni mabaki ya milango na viti. Ukataji miti kwenye misitu ya umma uliposimamishwa mwaka 2018, mbao zilipanda bei na hata mabaki yakawa na heshima. Kwa kazi hii mabaki ndiyo mali: mvule, bambakofi, mfenesi wenye manjano yake, na mpingo ukiupata. Mpingo una mafuta, ufute kwa thina kabla ya gundi, la sivyo utabanduka. Vumbi lake jeusi nalo huingia kwenye vinyweleo vya mfenesi na manjano yote yakawa machafu. Hapo weka msasa pembeni, parua kwa chuma kikali na upulize kila mara.

Bakuli langu la vipande 132 lina pete 9 za vipande 12, na moja ya katikati ya vipande 24, mpingo na mfenesi kwa zamu. Nililipeleka kwa mwalimu wangu. Vijana wa karakana walitazama rangi. Yeye hakutazama rangi. Aliligeuza kifudifudi kwanza, akatazama kitako. Akalielekeza mlangoni penye mwanga, akachungulia ndani. Kisha akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ile pete ya vipande 24, polepole, mzunguko mzima, akitafuta mahali ukucha utakwama. Haukukwama. Mtu huyu amefanya njumu, yaani kupachika mapambo ndani ya mbao, kwenye viti miaka mingi, anajua mwanya wa unene wa unywele una maana gani. Akaniuliza neno moja tu: "Uliifungaje?" Nikamweleza habari ya nusu mbili na kioo. Akawaita vijana wote waje wasikilize, na mimi, mwanafunzi wake, nikasimama nikafundisha kwenye karakana yake.

Ndiyo hiyo, kaka, unayoiita kusahau chai. Fundi anakuwa anazikata zile ncha kichwani mwake, moja moja, na anajua yeye angekosea wapi.

Mwalimu wangu aliniomba alibakishe kidogo, akamwonyeshe nduguye anayeunda majahazi Matondoni, kijiji cha hapa hapa kisiwani Lamu. Kule mwanya wa mbao na mbao huzibwa kwa kalafati, pamba na mafuta. Alitaka nduguye aone mbao 132 zilizokutana bila kalafati. Wiki ya tatu hii bakuli halijarudi. Jana nimeambiwa limevuka maji, liko Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwa fundi mwingine.