Mvinyo wa Italia una ukungu, umeharibika?

Mkuu, umeuliza kama hiyo chupa uliyoletewa toka Italia, iliyoandikwa "col fondo", imeharibika sababu mvinyo wake si angavu, una ukungu (si kuvu) na mashapo chini. Usimwage bwana! Col fondo maana yake ndo hiyo, yenye mashapo. Ni ya kule mkoa wa Veneto, zabibu yake ni Glera, ileile ya Prosecco, ule mvinyo wa mapovu, ila hii inachachuka mara ya pili humohumo kwenye chupa na hamira haitolewi, ndo maana pamelala kitu kama unga. Isimamishe kwenye friji usiku mzima afu mimina taratibu kama chai yenye majani. Mi naimimina na mashapo yake, wife hataki hata kuiona.

Iliyoharibika utaijua kwa pua, inanuka siki kali au ile dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Siku nyingine tafuta Frappato ya Vittoria, Sicily, nyekundu nyepesi, ipoze kidogo tu, kwa samaki wa kukaanga inakaa vizuri mno. Ribolla Gialla ya Oslavia mpakani na Slovenia usianze nayo, hiyo zabibu nyeupe kuna watu wanaichachusha na maganda yake, mtengeneza mvinyo mmoja wa huko, Gravner, anatumia mitungi ya udongo ya nchi ya Georgia iliyofukiwa ardhini kabisa, inatoka rangi ya kaharabu na inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyozidishwa majani. Mi ilinichukua chupa tatu kuizoea, na bei yake sasa...