Tochi ndogo ya kuvaa kwenye vesti

Mkuu, nimekuelewa, unataka tochi ndogo ya kubana kwenye vesti mikono ibaki huru, na kinachokuchanganya ni hizo lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Lumeni wala zisikusumbue sana, kazi za karibu 100 mpaka 300 zinatosha kabisa, hizo za elfu na kitu nyingi zinawaka hivyo dakika chache tu zikipata moto zinajishusha zenyewe.

Mimi ningeanza na umbo. Chukua yenye kichwa kilichopinda digrii 90, maana ile iliyonyooka ukiibana kifuani inamulika juu au chini, mbele hupati kitu. Halafu jaribu klipu, vuta kwa nguvu, ukiinama ikachomoka achana nayo. Swichi iwe unaweza kuiwasha hata ukiwa umevaa glavu, na iwe na loki, la sivyo itajiwasha ndani ya begi na utakuta chaji imeisha. Taa nyekundu nayo inasaidia, haikuharibii macho yakishazoea giza. Maji, angalia alama ya kuzuia maji: IPX4 ni mvua tu, IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Sasa betri, hapa ndo watu wanapigwa. 18650 (ile betri ya lithiamu ya duara ya kuchaji) iliyoandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, ni uongo mtupu, nyingi za ukweli ziko 2500 hadi 3500. Ikiwa imevimba au ganda limechanika usiichaji, na usiitupe na taka za kawaida, peleka wanakopokea betri chakavu. Kama kazi yako ina gesi au mvuke wa mafuta usinunue kwa kubahatisha, muulize afisa usalama wenu, kuna tochi maalumu za mazingira hayo.